Digrii, Mkemia wa Visima vya Mvuke: 9 Agosti 1956 – 3 Juni 2024

Wengi waliokusanyika hapa leo walimwita marehemu Digrii, na wengi walidhani jina hilo alilitoa chuo kikuu. Sivyo. Alilipata akiwa na miaka tisa, wakati hata kugawanya kwa tarakimu mbili kulikuwa kunamtoa jasho, na alilipata kwa kuvunja mali ya hospitali. Familia imeona jambo hilo liwekwe sawa kabla ya mengine yote.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, saa moja na nusu asubuhi, hospitali ya wilaya, katika wodi ileile ambayo mama yake alikuwa mkunga. Mama alimaliza zamu ya usiku saa kumi na mbili, akasaini daftari, akavua aproni, akapanda kitanda cha tatu upande wa dirisha. Baba alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha sabuni. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, nyuma ya karakana ya baiskeli, na humo walilelewa watoto watano. Marehemu alikuwa kifungua mimba. Anayesoma wasifu huu ni kitinda mimba, na katika maisha yake yote hajawahi kumshinda dada yake kwa ubishi hata siku moja.

Mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, chini ya kilima cha mawe meusi, kuna chemchemi ya maji moto ambayo kila mtu wa mji huu anaijua. Siku moja ya likizo, mwaka 1965, Digrii alichukua kipimajoto cha mama yake cha kupimia homa, akaenda nacho chemchemini, akakitumbukiza. Kipimajoto cha homa huishia nyuzi arobaini na mbili. Kilipasuka kabla hajahesabu mpaka tatu. Alirudi na vipande vimefungwa kwenye leso, akamkabidhi mama, akasema, "Mama, yale maji yana homa kali kuliko mtu."

Mama alimwandikia matroni barua ya kurasa mbili kujieleza. Baba yeye hakugomba. Jumapili iliyofuata aliazima kipimajoto cha boila kazini, kirefu kama mkono, akamshika binti yake mkono wakaenda wote.

"Soma," baba alimwambia.

"Themanini na nane."

"Themanini na nane nini? Mbuzi?"

"Digrii."

Mdogo wake wa kiume aliyekuwa amewafuata kwa nyuma alilidaka neno hilo, na kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia 1963 hadi 1969, kisha shule ya sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1975. Mwaka 1976 aliingia chuo kikuu, akahitimu shahada ya kemia mwaka 1979, na hapo utani ukawa kwamba Digrii amepata digrii. Mwaka 1982 alipelekwa masomoni kwa miezi sita katika nchi ya theluji, ambako nyumba za mji mzima hupashwa joto na maji yatokayo chini ya ardhi. Barua yake ya kwanza kutoka huko ilikuwa fupi: "Mama, huku watu wanaoga maji ya moto na hakuna aliyewasha moto. Nimeelewa kazi yangu."

Kazi yenyewe alikuwa ameianza tarehe 2 Januari 1980, katika maabara ya shirika la umeme. Maabara lilikuwa jina tu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari ya transfoma, chenye dirisha moja, beseni moja na harufu ya mafuta mazito isiyotoka hata ukisugua sakafu kwa wiki. Wakati huo umeme wa nchi ulitoka kwenye mabwawa na kwenye jenereta za dizeli. Mvua ikikosekana, giza. Meli ya mafuta ikichelewa, giza vilevile. Digrii alipewa sanduku la chupa, gari lenye dereva aliyependa kulala, na agizo la kuzunguka kila mahali ardhi inapotoa moshi au maji moto, kuona kama joto hilo linaweza kufua umeme. Alizunguka miaka minane. Alijifunza kusoma maji jinsi mwingine anavyosoma barua: chumvi fulani zikiwa nyingi kiasi fulani, ujue huko chini maji yana joto kiasi fulani, hata kama juu yanaonekana ya vuguvugu.

Mwaka 1988 zamu ikafika kwenye chemchemi ya nyumbani.

Mji ulikuwa umeshajiamini. Mjomba wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, na ndiye aliyeandika barua nne kuomba mtambo wa umeme ujengwe hapa. Alikuwa ameshatembeza watu kiwanjani akiwaonyesha nguzo zitapita wapi. Digrii alipima kwa wiki tatu. Akarudia. Majibu yakawa yaleyale: maji yale yanatoka yakiwa na nyuzi themanini na nane, na huko chini kabisa hayazidi mia na kumi, tena ni machache. Kuchimba kisima kirefu hapo kungegharimu sawa na kujenga shule tatu za sekondari pamoja na mabweni yake, na umeme ambao ungepatikana ungezidiwa na jenereta moja ya kukodi. Akaandika kwenye ripoti: "Hapafai kwa umeme." Halafu, badala ya kuituma na kunyamaza, alikuja mwenyewe kuwasomea watu katika ukumbi wa shule, tarehe 17 Septemba.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Alipomaliza kusoma, mjomba alisimama.

"Wewe ni mtoto wetu," alisema. "Sisi hatukukuomba uongo. Ungeandika tu 'huenda', ingekupunguzia nini?"

"Mjomba, kwa hiyo 'huenda' wangekuja na mtambo, wangetoboa shimo la kilomita mbili, na mwisho wa shimo wangekuta maji ya kuoga. Pesa ya nchi nzima ingeishia hapo. Na wasingechimba tena popote."

"Sasa popote ni muhimu kuliko kwenu?"

Digrii alikusanya karatasi zake. Baadaye alimwambia mama yake kwamba jibu alikuwa nalo, ila hakutaka kumjibu mjomba mbele za watu. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na kwa muda mrefu baada ya siku ile, alipokuja likizo, alinunua misumari na rangi mjini kwingine.

Mwaka uliofuata aliolewa. Mume wake alikuwa mchora ramani wa shirika, aliyetumwa kwenda naye porini kuchora ramani ya matundu ya mvuke, akakanyaga mahali alipokatazwa asikanyage. Digrii alimkalisha juu ya jiwe, akamwagia mguu maji baridi kwa dakika ishirini kwa saa ya mkononi, akimsema muda wote. Mume anasimulia kwamba dakika ya kumi na tano maumivu yalikuwa yameisha, lakini hakusema. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1989. Kwa desturi ya nyumba yao, mjomba ndiye aliyepaswa kusimama upande wa bibi harusi na kuzungumza. Kiti chake kilibaki kitupu. Aliyezungumza ni dereva wa ofisi, na alizungumza vizuri sana, lakini wote waliokuwepo walimwona bibi harusi akitazama mlango.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Binti, aliyezaliwa 1991, ni mwalimu wa hesabu. Mwana, aliyezaliwa 1994, ni fundi wa friji na viyoyozi. Marehemu alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye ametafuta joto maisha yake yote ili mwanawe apate la kupoza.

Mwaka 1996 shirika lilianza kuchimba kisima cha kwanza cha mvuke, kwenye uwanda mkavu ulio mbali na mji wowote. Walishuka mita elfu mbili na mia moja. Joto lilikuwepo, nyuzi mia mbili na arobaini, lakini mwamba ulikuwa mzima kama sufuria, bila nyufa za kupitisha maji, na pasipo maji hakuna mvuke. Kisima cha pili kilichimbwa 1997, mahali alipopachagua Digrii mwenyewe. Kilitoa mvuke hafifu ambao wachimbaji walisema unatosha kuchemsha chai yao, basi. Marehemu aliagiza wasifu huu usiruke sehemu hii. Maneno yake yalikuwa: "Msiseme nilipata kisima. Semeni nilichimba vitatu."

Tarehe 12 Mei 1998 bodi ya shirika ilikutana kuamua kama kazi isimamishwe. Chumba cha mikutano kilikuwa ghorofa ya nne, na feni yake ilizunguka polepole kiasi cha kuweza kuhesabu mapanga. Wajumbe walikuwa tisa. Aliyempinga zaidi alikuwa mhasibu mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja.

"Jenereta za dizeli naagiza kesho," mhasibu alisema. "Miezi minne zimefika, zinawaka. Wewe umetuchimbia mashimo mawili na yote mawili hayawashi balbu."

"Ni kweli."

"Na unataka la tatu."

"Nataka la tatu. Mzee, dizeli ni nyumba ya kupanga. Unaingia kwa pesa kidogo, lakini kila mwezi mwenye nyumba anabisha hodi, na bei anaipanga yeye. Mvuke ni nyumba ya kujenga. Unaumia mwanzoni, unaumia kweli, msingi unaota majani na watu wanapita wanacheka. Lakini ukishahamia hakuna wa kukugongea."

Mwenyekiti wa bodi akaingilia. "Na kama kiwanja chenyewe ni kibovu?"

"Ndiyo maana tunapima. Visima vyote viwili tulivichimba magharibi ya ufa wa ardhi. Cha pili nilikosea mimi, niliamini maji kuliko gesi. Sasa nimepima gesi ya matundu yote thelathini na moja. Maji moto yanapanda upande wa mashariki, kilomita moja na nusu kutoka pale."

"Una uhakika?"

"Sina. Nina vipimo. Kati ya kumi, saba."

"Na zile tatu?"

"Zikitokea zile tatu, nitaandika kwa mkono wangu kwamba muache. Nimeshawahi kuandika."

Mhasibu akaomba kuiona hiyo ripoti. Ikatolewa kabatini, ya mwaka 1988. Aliisoma yote, kurasa kumi na tisa, wenzake wakimsubiri. Kisha akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye jina la mji.

"Hapa si kwenu?"

"Ndiko kwetu."

"Walisemaje?"

"Mjomba wangu hakuja harusini."

Mhasibu aliifunga ripoti. Walipopiga kura, mikono mitano ilinyooshwa kuunga mkono na minne kupinga, na mkono wa tano ulikuwa wake.

Digrii alihamia uwandani. Aliishi kwenye chumba cha mabati, kitanda upande huu, chupa za sampuli upande ule, na kila Ijumaa alisafiri saa sita kwenda kuwaona watoto, akarudi Jumapili. Mumewe alijifunza kusuka nywele za binti yao katika miezi hiyo, na picha zipo. Tarehe 23 Februari 1999, saa nne asubuhi, valvu ya kisima cha tatu ilifunguliwa. Kwanza ukatoka upepo, halafu maji ya tope, halafu ardhi ikaanza kuunguruma, na nguzo ya mvuke mweupe ikapanda juu kuliko mtambo wenyewe wa kuchimbia. Kelele zake zilikuwa nyingi hata watu wakawa wanazungumza kwa ishara. Msimamizi wa mtambo, mtu mkubwa wa maneno machache, aliandika kwenye karatasi: "Tumepata?" Digrii akaandika chini yake: "Subiri saa sabini na mbili." Alijua kisima kinaweza kutoka kwa kishindo na kesho kikanywea. Alikaa na vyombo vyake siku tatu, akiandika shinikizo kila saa. Halikushuka. Siku ya nne asubuhi alikaa juu ya kreti ya mabomba, akavua kofia, akala sahani nzima ya chakula, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa wiki mbili. Kisima kile peke yake kilikuwa na umeme wa megawati tisa, wa kutosha miji mitatu ya ukubwa wa huu wetu.

Kituo cha umeme kilifunguliwa tarehe 1 Julai 2003. Jumla vilichimbwa visima kumi na viwili, na tisa kati yake vilitoa mvuke. Maji yanayobaki baada ya mvuke kutumika hurudishwa chini, na hilo Digrii alilisimamia kwa ukali uliomfanya aogopwe na makandarasi. Kiangazi cha 2006 mabwawa yaliposhuka mpaka matope yakaonekana, kituo kile hakikuzima hata siku moja. Mhasibu mkuu, aliyekuwa amekwisha kustaafu, alimpigia simu mwaka huo. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema, "Uniti moja ya mvuke ni chini ya nusu ya ile ya dizeli. Nimekokotoa mwenyewe. Nilitaka uisikie kwangu."

Mwezi Machi 2007, mjomba alipanda basi mpaka makao makuu ya shirika, akiwa na miaka sabini na mitatu, akapanda ngazi kwa kupumzika mara mbili, akaingia ofisini kwa mpwa wake bila miadi. Walikuwa hawajakaa chumba kimoja kwa miaka kumi na minane na miezi sita. Digrii alisimama, akampa kiti, akamwamkia.

"Marahaba," mjomba alisema. "Habari za umeme nimeshaachana nazo. Nimekuja na swali moja. Yale maji, kama hayafai umeme, yanafaa nini?"

Digrii aliinama. Alifungua droo ya chini, akatoa faili lenye vumbi. Ndani mlikuwa na michoro ya bomba, hesabu za joto, na makadirio ya gharama, vyote alivyovichora mwaka 1989 na hakuwahi kuvipeleka popote.

"Yanafaa kukaushia nafaka na vitunguu," alisema. "Yanafaa kufulia mashuka ya hospitali, na kuogeshea wagonjwa. Bomba la mita mia tisa tu, mjomba. Hakuna kuchimba."

"Ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuwa nayo."

"Na hukusema?"

"Hukuwa unaniuliza kitu."

Mjomba alitazama michoro kwa muda, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Tulikuwa na vichwa vigumu wote wawili," alisema. "Lakini changu ni kigumu zaidi, kwa hiyo mimi ndiye nimepanda basi."

Bomba lilianza kazi tarehe 4 Oktoba 2010. Hospitali iliacha kununua kuni, na nyumba ya kukaushia mazao, ambayo wengi wenu mmepita mbele yake mkija hapa, leo inaajiri watu arobaini na wawili. Mabati yalitoka dukani kwa mjomba.

Marehemu alistaafu tarehe 9 Agosti 2016, akarudi kuishi hapa mjini na mumewe. Mwezi Novemba 2022 alianza kukosa pumzi akipanda ngazi za nyumba. Ilipogundulika kuwa moyo wake umepanuka, daktari alianza kuzungumza kwa kuzunguka. Digrii akamkatiza kwa upole: "Daktari, mimi nipe vipimo. Huruma nitaipata nyumbani." Alipewa, akaviandika. Alitumia dawa kwa saa kamili, akaacha chumvi bila kulalamika, akalalamika kuhusu mengine yote. Kitanda chake kilihamishiwa sebuleni ili aone barabara. Mumewe alimsomea gazeti kila asubuhi, naye alisahihisha takwimu za mwandishi.

Tarehe 27 Mei mwaka huu, mkemia kijana wa shirika alikuja kumwonyesha majibu ya uwanda mpya wa kaskazini. Marehemu alimwambia aziache karatasi. Alizisoma siku mbili, akipumzika kila ukurasa, kisha akamwita tena. Binti yake alikuwepo.

"Panafaa," alisema. "Ila msiende kuwaambia bodi ni hakika. Waambieni sita kati ya kumi. Na ombeni pesa ya visima vitatu kwa mara moja. Mkiomba ya kimoja, kikiwa kikavu watawaacha porini, na pale ni pazuri."

"Wakisema ni ghali, mama?" kijana aliuliza.

"Ni ghali. Waambie ni ghali. Halafu waonyeshe miaka ishirini ya bei ya dizeli, unyamaze."

Mkemia yule alikwenda mbele ya bodi Ijumaa, tarehe 31 Mei, akasema alivyoambiwa. Alipiga simu saa tisa alasiri. Marehemu aliomba simu iwekwe sikioni kwake, akasikiliza, akauliza swali moja kuhusu kipenyo cha bomba, akaridhika.

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa amemshika mkono na gazeti likiwa bado halijafunguliwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ameacha mume, binti na mwana, mkwe mmoja, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na mjomba wake mwenye miaka tisini, aliyekaa mstari wa mbele na aliyeomba leo azungumze upande wa mpwa wake. Ameacha wenzake wa shirika, waliokuja kwa mabasi mawili. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na majirani waliokuwa wakikesha nasi kwa zamu.

Mtambo wa kuchimba utafika uwanda wa kaskazini mwezi Septemba. Pesa ya visima vyote vitatu imetengwa. Mungu ampokee dada yetu, na ampe pumziko la amani.